Nilimzika baba bila chozi: huzuni isipoonekana, je, haipo?

Msafiri wa Pangani (muulizaji)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, wakubwa kwa shikamoo na wenzangu kwa heshima.

Wiki tano zilizopita tulimzika baba yangu mzazi kwetu Pangani. Alikuwa na umri wa miaka 78, aliugua kwa miezi mitatu, na alipokata roho, muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Tangu saa ile mpaka tulipoondoa tanga siku ya tatu sikudondosha chozi hata moja. Niliwapigia simu jamaa wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Nilinunua sanda, nikapatana na wachimba kaburi, nikaazima turubai na mikeka, nikahesabu kilo za mchele na idadi ya masufuria, kisha nikakaa barazani kupokea mikono ya watu waliokuja kutupa pole. Kila aliyeniuliza jambo nilimjibu kwa sauti ya kawaida, na nadhani mara mbili au tatu nilicheka, kwa sababu rafiki wa baba alinisimulia kisa cha ujana wao kilichonichekesha kweli.

Siku ya tatu shangazi yangu alisema, mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo uani, kwamba mimi nimezika mzigo, sikuzika baba. Dada yangu, ambaye sauti ilimkauka kwa kulia, hajanipigia simu tangu nirudi Dar es Salaam, na mjomba ameniambia kuwa kilichomuumiza zaidi ni kunisikia nikibishana na muuza mchele chini ya dirisha la chumba walimokuwa wamekaa yeye na mama. Mama yuko eda na hajasema neno juu ya jambo hili.

Siombi kufarijiwa. Ninachotaka kufahamu ni hiki: katika jamii zetu, ni ishara zipi hasa zinazotambuliwa kuwa ni huzuni, nani anayezidai, na mtu ambaye mwili wake hautoi ishara hizo afanye nini? Je, aigize? Nitashukuru kupata majibu ya wanaozijua mila na ya wenye ujuzi wa tiba pia.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Pole sana kwa msiba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Nitaanza na lugha, kwa kuwa ndiyo niliyoifundisha maisha yangu yote. Neno letu kulia halikuanzia machoni, lilianzia kooni. Kengele hulia, ndege hulia, bunduki hulia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye machozi. Tukitaka kuyataja machozi inatubidi tuongeze maneno: mtu ametokwa na machozi, amelengwalengwa na machozi, amebubujikwa. Sehemu nyingi za bara msiba wenyewe huitwa kilio, na mtu husema anakwenda kilioni hata kama anachokwenda kufanya huko ni kupasua kuni. Kwa hiyo shangazi yako hakuwa akiyakagua macho yako. Alikuwa akisubiri sauti, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya bei ya mchele.

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Siku hizi methali hii hutumika kumhimiza mtu ajisaidie kwanza kabla ya kuomba msaada, lakini picha iliyomo ndani yake ni ya utaratibu halisi wa msibani: mgeni anayefika mlangoni hana haki ya kuinua sauti ikiwa wenye msiba wamenyamaza, na akinyamaza huku yeye mwenyewe amekuja na uchungu wake, anabaki nao kifuani. Mfiwa anapolia anawafungulia wenzake mlango. Wewe, bila kukusudia, uliwafungia.

Ziko pia ishara zisizo na sauti, na watu wazima huzisoma upesi kuliko maandishi. Mtu aliyejiinamia, aliyenyong'onyea mabega, ambaye uso umemsawijika, hahitaji kuulizwa. Kushika tama, yaani kuegemeza shavu kiganjani, na kujitwika mikono kichwani ni ishara nzito kiasi kwamba watoto hukatazwa kuzifanya. Bibi yangu alinipiga kikofi kila aliponikuta nimeshika tama, akaniuliza ni nani aliyekufa, maana aliamini kuwa ishara ya msiba ikifanywa pasipo msiba huuita. Halafu kuna mahali pa kukaa. Mfiwa, hasa mwanamke, hukaa mkekani, kichwa kimefunikwa kanga, na pindo la kanga hiyo ndilo kitambaa chake cha kufutia macho.

Kwa upande wa dini, sisi Waislamu wa pwani tumefundishwa kuwa machozi ni rehema, na kwamba Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni mayowe ya maombolezo, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Muda nao umewekewa mpaka: siku tatu kwa jamaa, na miezi 4 na siku 10 kwa mjane, ambaye katika kipindi hicho hujiepusha na manukato, wanja, hina na mapambo. Ukipimwa kwa dini, basi, hukukosa chochote. Ukipimwa kwa desturi, umepungukiwa. Vipimo hivi viwili vimeishi muda mrefu katika nyumba moja bila kupatana: kila msiba masheikh hukemea mayowe, na kila msiba mayowe hupigwa.

Juu ya wanaume nina neno moja. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Rais Mkapa akatangaza habari hiyo, nilimwona jirani yangu, mvuvi mwenye mabega kama mlango, amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa akilia kwa kwikwi, wala hakuna aliyemcheka. Mtu huyohuyo alikuwa amemzika mama yake miaka michache kabla na hakufumba wala kufumbua. Nafikiri mwanaume wetu hupewa ruhusa ya kulia pale ambapo kilio si chake peke yake.

Nami nina swali kwako, ambalo naomba ulijibu ukiweza: ni nani aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Poleni na msiba. Nimefanya kazi wodini kwa miaka 19, na nimewaona watu wengi katika dakika zile za kwanza baada ya kuambiwa kuwa mgonjwa wao amefariki, kwa hiyo nitajibu sehemu ya swali inayohusu mwili.

Uso wa huzuni unafanana kwa kiasi kikubwa duniani kote. Charles Darwin, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1872, alieleza kuwa mtu mwenye majonzi huinua ncha za ndani za nyusi, zile zilizo karibu na pua, huku pembe za mdomo zikishuka. Alikuwa amewaandikia watu waliokaa katika nchi mbalimbali akiwauliza kama wenyeji wa huko hufanya vivyo hivyo. Karibu miaka mia moja baadaye Mmarekani Paul Ekman aliwaonyesha picha za nyuso watu wa kabila la Fore, katika milima ya Papua New Guinea, ambao walikuwa na mawasiliano madogo sana na ulimwengu wa nje, akakuta kwamba kwa sehemu kubwa waliutambua uso wa huzuni. Wapo wataalamu wanaoyapinga matokeo hayo, lakini kuhusu zile nyusi mimi mwenyewe ni shahidi. Watu wengi hawawezi kuzipandisha hivyo kwa makusudi, na ndiyo maana muigizaji wa huzuni hugunduliwa: mdomo wake unashuka, lakini nyusi zimelala.

Ekman na mwenzake Friesen waliongeza jambo ambalo naona ndilo linalokuhusu wewe. Walisema kuwa kila jamii ina kanuni za kuonyesha hisia: nani aonyeshe, mbele ya nani, na kwa kiasi gani. Mtoto huzijifunza mapema kiasi kwamba akiwa mkubwa hajui tena kuwa anazifuata. Mvulana aliyeambiwa tangu akiwa na miaka minne kwamba mwanaume halii haamui kutolia siku ya msiba. Uamuzi ulikwishafanywa zamani, na mwili wake unautekeleza tu.

Machozi yenyewe hutoka katika tezi zilizo juu ya jicho, upande wa nje, na sehemu yake hupita katika mfereji mwembamba unaoingia puani, ndiyo maana anayelia hulazimika kupenga kamasi. Mtoto mchanga, kwa wiki chache za mwanzo, hulia bila machozi. Jambo hili huwashangaza kina mama wa mara ya kwanza, nao hutuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa macho. Mtu mzima naye anaweza kuwa na huzuni kamili bila tezi zile kufanya kazi. Wengi hupatwa na kitu ambacho wenyewe hukiita ganzi. Anasikia maneno, anajibu, anasaini karatasi, anauliza bei ya gari, na baadaye hakumbuki nusu ya aliyoyafanya. Nimewaona wanaume walioshukuru kwa adabu, wakatoka, wakarudi baada ya robo saa kuuliza mgonjwa wao amelala kitanda namba ngapi.

Kwa wanaume, mara nyingi huzuni huja hospitalini ikiwa imevaa nguo nyingine. Anakuja na mgongo, na kichwa, na moyo unaokwenda mbio, na usingizi unaokatika saa tisa za usiku. Ukimuuliza kama ana huzuni atakataa. Ukimuuliza kama ana mawazo mengi atakubali. Nakushauri ujichunguze kwa hayo badala ya kuhesabu machozi. Hakuna muda ambao mtu aliyefiwa anapaswa awe amelia. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 unataja maombolezo yaliyopitiliza kuwa ni tatizo la afya pale tu yanapodumu kwa zaidi ya miezi sita, yakizidi desturi za jamii ya mfiwa na kumzuia kuendesha maisha yake. Wiki tano si kitu.

Kuigiza sikushauri. Nyusi zitakusaliti.

Mwana wa Siaya

Poleni sana, ndugu yangu. Mimi ni Mjaluo, nimekulia karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, na maelezo ya Mwalimu kuhusu sauti yamenigusa, kwa sababu kwetu sauti ndiyo iliyokuwa tangazo la kifo kabla ya redio na simu. Nduru moja ikipigwa usiku, kijiji kinachofuata kinaamka, na watu wanajua kutokana na upande inakotoka ni boma la nani.

Swali la kuigiza lina jibu tofauti kwetu. Mwombolezaji wa Kijaluo anapoingia bomani haji amejiinamia kimya. Huingia mbio, akikata uwanja huku na huku, akimwita marehemu kwa majina yake ya sifa, akimlaumu kwa kuondoka, akitaja deni ambalo marehemu alimsamehe au ng'ombe waliyemtafuta pamoja. Mzee wa heshima akifa kuna desturi ya tero buru, ambapo wanaume huwatoa ng'ombe, wakachukua mikuki na ngao au fimbo, wakaenda hadi nje ya makazi kupigana na adui asiyeonekana, yaani kifo chenyewe, kisha wakarudi wakiimba. Mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, naye hukaa hapo akaimba nasaba ya marehemu, na anayetajwa hutoa chochote. Mtu wa nje akitutazama anaweza kusema kuwa hawa wanacheza mchezo wa kuigiza. Ni kweli kwamba kuna namna iliyopangwa, na hata mtu ambaye hakumpenda sana marehemu huifuata. Lakini ndani ya tero buru nilimwona baba yangu, mtu mkimya kuliko wote niliowahi kuwajua, akiutupa mkuki kichakani kwa nguvu ambayo sikujua kuwa anayo, siku alipozikwa kaka yake. Hakutoa machozi. Alikuwa na kazi ya kufanya kwa mikono yake, na kazi hiyo ilikuwa na jina, na kila mtu aliyemwona alijua kuwa analia.

Ndiyo maana naona tatizo lako si kukosa huzuni wala kukosa ishara. Ulikuwa na ishara, nazo zilikuwa sanda, turubai na mchele; bahati mbaya hakuna aliyezipa jina la kilio.

Nisionekane nasifia kila kitu. Yako mambo yaliyoharibika, kama zile disko matanga za magharibi mwa Kenya, ambazo serikali imezipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu zimegeuka kuwa starehe za usiku na hatari kwa wasichana. Hapo huzuni haipo tena, limebaki turubai.

Mama Wawili, Bagamoyo

Nawasalimu. Pole, kaka yangu. Nimewasoma wote kwa makini, na nimeona kwamba waliojibu wamezungumza juu ya machozi kana kwamba ni haki ambayo wanaume wamenyimwa. Naomba niwaeleze upande wa wale ambao machozi kwao ni kazi ya lazima.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Niliwekwa chumbani, juu ya mkeka, nimezungukwa na mawifi na mashangazi. Kila kundi la wanawake lilipofika, sauti ilianzia nje, ikapanda hadi mlangoni, na mimi nilitakiwa niipokee. Ile methali ya Mwalimu niliambiwa sikioni, siku ileile, si kwa uzuri wa lugha bali kama amri: anza wewe, watu wanasubiri. Nililia saa mbili asubuhi kwa ajili ya mume wangu. Kilio cha saa nane mchana kilikuwa kwa ajili ya wageni kutoka Chalinze. Jioni sauti ilipokatika nilitikisa mabega tu, na wifi mmoja akanong'ona kuwa huyu amekwisha kumsahau. Nilipokula vijiko vitatu vya wali vilihesabiwa. Katika eda, siku mwanangu mdogo alipoongea kitu cha kitoto nikacheka, habari ilifika mtaa wa pili kabla ya magharibi. Shemeji yangu, wakati huohuo, alikuwa nje akipanga magari, akaitwa mwanaume hasa.

Kwa hiyo, kaka, usishangae ukikuta kuwa shangazi yako ana uchungu juu ya jambo ambalo si lako peke yako. Yeye amelia katika misiba ya ukoo wenu kwa miaka labda 50, mingine ya watu asiowajua vizuri, akishikilia kilio kizima cha nyumba pamoja na wanawake wengine wachache, ili ninyi mlioko barazani mpate kuitwa wenye subira. Nilipoona Machi 2021 wanawake wakitandika kanga zao barabarani gari lililombeba Rais Magufuli lipite juu yake, niliwaza hilohilo: hata taifa likifiwa, nguo inayotandikwa ni ya mwanamke.

Kuhusu dada yako nina maoni tofauti na ya Muuguzi na ya ndugu yetu wa Siaya, ingawa nimejifunza mengi kwao. Yeye hakuhitaji kujua kanuni za uso wala jina la kazi yako. Alikuwa amekaa chumbani na mama yenu kwa siku tatu. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha nawe, na aliisikia sauti yako ikipanda na kushuka kwa ajili ya mchele, lakini haikuingia ndani hata mara moja kumwuliza kama amekunywa maji. Je, uliingia? Katika maelezo yako sijaona mahali uliposema kuwa uliingia.

Bin Kombo, Maskati

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Naongeza machache kutoka Omani, ambako familia yangu ilihamia ikitokea Unguja. Hapa wanaume hukaa siku tatu katika sabla, ukumbi wa jamaa au wa mtaa, kahawa na tende zikipitishwa, na wanawake hukaa kwao. Anayeingia hutoa mkono kwa wafiwa waliojipanga, husema maneno mafupi ya dua, hukaa kidogo, huondoka. Ukilia kwa sauti humo, wazee watakukumbusha subira papo hapo. Mjomba wangu aliyekulia Unguja huwa haridhiki na utulivu huu. Arudipo kutoka sabla hufunga mlango wa gari, akakaa ndani yake peke yake hadi tunapomwita kula. Watoto wamezoea, hawamsumbui.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mama Wawili, nimekubali kukosolewa. Methali niliyoitaja ina mfiwa mmoja ndani yake, na kwa miaka yote niliyoifundisha sikuwahi kuwauliza wanafunzi kama mfiwa huyo ni mwanamke au mwanaume. Bado namsubiri muulizaji anijibu lile la kaburini.

Msafiri wa Pangani (baada ya siku nne)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilirudi Pangani.

Mama Wawili, sikuingia. Nilipita mbele ya mlango ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikiwa nimebeba kitu mkononi kila mara, na kila mara nilijiambia kuwa nitaingia nikishakiweka. Muuguzi, usingizi wangu unakatika saa tisa na nusu, si saa tisa.

Mwalimu, mimi ndiye niliyeshuka, pamoja na mjomba na binamu yangu mmoja. Wanaume waliokuwa juu walitandaza shuka kufunika mdomo wa kaburi, kwa hiyo chini kulikuwa na kivuli cha buluu, na tuliokuwa mle tuliona kidogo tu. Nilimpokea kwa upande wa kichwa. Tulipomlaza katika mwanandani na kumwelekeza kibla, ilinipasa nifungue mafundo ya sanda. Vidole havikufanya kazi. Nililishika fundo la kwanza, nikalivuta, nikalikaza badala ya kulilegeza, nikajaribu tena, mikono ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu mwenye homa, na huko juu imamu akauliza kama kuna tatizo. Mjomba alinisogeza kwa kiwiko, akayafungua mwenyewe, akamlaza shavu kwenye udongo, wala hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote, hata aliponipigia simu kunieleza kuwa dada amekasirika. Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini siku ya mazishi. Waliniona nikitoka nyumbani na jeneza, wakaniona nikirudi na udongo miguuni, nikauliza kama mchele umefika.

Juzi jioni niliingia katika chumba kile, nikakaa mkekani, nikamweleza mama kama nilivyoeleza hapa. Dada alikuwa amesimama mlangoni akichambua choroko katika ungo, na hakunitazama. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kama baba alikuwa mwepesi. Nikamjibu kuwa alikuwa mwepesi sana. Dada aliuweka ungo chini, akaenda uani, na kutoka huko tukamsikia. Mimi macho yangu yalibaki makavu, na mama alinishika kifundo cha mkono, akakishikilia muda mrefu bila kusema lolote.

Arubaini tutaisoma kesho baada ya alasiri. Kilo za mchele safari hii anahesabu dada, na amenipigia simu mara mbili kuniuliza ni kwa muuza yupi nilikopata bei ile.